Shangazi, nimtoe rafiki yangu kwenye bendi tuliyoianzisha pamoja?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Kirumba hapa Mwanza na nina meza ya kutengeneza simu Makoroboi. Napiga gitaa. Nina rafiki yangu ambaye tumekua wote mtaa mmoja, tumesoma wote na tumeimba wote kwaya ya vijana kanisani. Gitaa langu la kwanza nilipewa na mjomba, lilikuwa na nyuzi tano tu. Ule wa sita rafiki yangu aliutafuta kwa fundi baiskeli, akachomoa uzi mmoja kutoka kwenye waya wa breki, tukaufunga, ukalia. Bendi yetu ilianzia hapo, ikiwa ni gitaa lile na sauti yake.

Mwaka jana tukapata mpiga besi, mpiga kinanda na mpiga dramu, wote kutoka kwaya. Mazoezi tunafanyia nyumbani kwa mpiga kinanda, Kitangiri, kila Jumatano na Jumamosi jioni. Nyimbo nyingi ni za kukopi, zile za dansi la zamani ambazo wazee wanazipenda kwenye sherehe. Zetu wenyewe ni mbili. Maneno aliandika yeye, muziki nikautunga mimi.

Tatizo ni kwamba kazi za mjini zilimshinda, akaenda kuvua dagaa. Yuko kwenye kambi moja huko Ukerewe. Anaondoka wiki mbili au zaidi, simu haipatikani, kisha anarudi na kuja mazoezini kila siku kana kwamba hakuwahi kuondoka. Halafu anapotea tena. Tulipata shoo ya kipaimara, hayupo, ikabidi niimbe mimi, na kufika wimbo wa tatu sauti ilikuwa imekauka. Baadaye ikaja sendofu ya dada yake mpiga besi, hayupo. Wenzangu wamechoka. Wameshamleta binti mmoja wa kwaya kujaribu nafasi yake. Anaimba vizuri, hilo siwezi kubisha.

Kwenye kipaimara tulilipwa laki mbili na nusu. Spika tulikodi kwa elfu themanini, usafiri elfu ishirini na tano, nyuzi na vitu vidogo elfu kumi, iliyobaki tukagawana wanne tuliokuwepo. Rafiki yangu aliporudi akauliza, wenzangu wakamjibu, "Wewe hukuwepo." Akanyamaza. Tangu siku ile hajaongea habari ya hela tena, na mimi hata salamu zake naziona zimepoa.

Sasa kuna tajiri mmoja mwenye ukumbi, alitusikia kwenye kipaimara. Anasema atanunua vyombo vyote tupige kwake kila Ijumaa na Jumapili, atatulipa kutokana na kiingilio. Masharti yake: jina la bendi atalichagua yeye, nyimbo zetu zote ziwe mali ya bendi yake, na mwimbaji awe mtu wa kudumu. Anataka jibu mwisho wa mwezi.

Shangazi, nimtoe? Mama anasema rafiki hatupwi. Wenzangu wanasema bendi si undugu. Mimi naogopa nitabaki bila vyote viwili.

Mpiga gitaa, Kirumba

—

Marahaba, baba.

Usimtoe. Na huyo tajiri usimpe jibu la ndiyo bado.

Sisemi hivyo kwa kuwa namwunga mkono mama yako dhidi ya wenzako. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ambapo ninyi watano mmekaa siku moja mkakubaliana jambo lolote, sijapaona. Siku za mazoezi zimejipanga zenyewe. Hela imegawanywa palepale ukumbini na waliokuwepo. Nyimbo ni za nani, asiyekuja anapata nini, mtu akisafiri nani anashika nafasi yake, yote hayo hamjayasema. Mmeuachia urafiki ufanye kazi ya makubaliano, na ulipolemewa mkaanza kumtafuta wa kumtoa.

Nianze na huko kupotea kwake, maana naona mmemwonea kidogo. Anaondoka wiki mbili au zaidi, anarudi siku kadhaa, anaondoka tena. Sisi tuliokulia pwani ya ziwa hili mwendo huo tunaujua. Dagaa huvuliwa gizani. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga na kukusanyika, ndipo nyavu zinavutwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa jeupe, taa ya mvuvi haina inachovuta, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na vijana wanapata nafasi ya kuja mjini. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Hauangalii Jumatano wala Jumamosi. Ninyi mnafuata kalenda ya watu wa mjini, mwenzenu anafuata kalenda ya mwezi, halafu kila zisipokutana mnasema hajali.

Tafuta kalenda inayoonyesha mwezi mpevu. Wewe ni fundi simu, programu ya namna hiyo haitakusumbua. Kwanza angalia siku ya kipaimara na siku ya sendofu mwezi ulikuwaje. Zikiwa siku za giza, ujue mwenzio alikuwa majini usiku huo, na mtumbwi ukipungukiwa mtu mmoja kazi yake inawaangukia wengine na nafasi yake inapewa mtu mwingine. Kisha zungushia mbalamwezi zote kuanzia sasa hadi mwisho wa mwaka. Siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu na siku tatu au nne baada yake ziwe zenu za mazoezi mazito, kila jioni mkiweza, na sauti zote ziwepo. Akiwa gizani, ninyi wengine fanyeni kazi isiyomhitaji. Besi na dramu wakae peke yao wazoeane, maana bendi changa nyingi zinayumba hapo kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Wewe na mpiga kinanda tafuteni namna ya kupishana. Gitaa na kinanda vikipiga kitu kilekile kwa wakati mmoja, muziki unakuwa mzito hauchezeki, na kwenye sherehe watu wanataka kucheza.

Naye ana lake la kujibu. Ajue tarehe za shoo kabla hajapanda boti ya Nansio kwenda Ukerewe, na akiona hatawahi kurudi aseme kabla hajaondoka. Kambi haikosi mtu anayekwenda senta kununua mahitaji, ambako mtandao unashika. Ujumbe mmoja kwa wiki anaweza kuutuma. Asipotaka kufanya hata hilo, basi wenzako wana haki ya kukasirika, nami nitakuwa upande wao.

Kuhusu huyo binti, kwa nini mnamfanya awe wa kuziba nafasi ya mtu? Mkaribisheni kama mwimbaji wa pili. Hizo bendi za dansi mnazozikopi zilikuwa na safu ya waimbaji, watatu au wanne mbele, mmoja anaanzisha, mwingine anapokea, kiitikio wanaimba wote. Sikilizeni tena nyimbo za Sikinde au Msondo kwa sikio hilo. Mwimbaji mmoja akiugua au akisafiri, shoo haivunjiki. Ila wewe mpiga gitaa jiandae, maana sauti ya binti mara nyingi haitakaa kwenye ufunguo uleule wa mwenzio. Wimbo ambao yeye anaimba kwa G, binti anaweza kuhitaji C au D. Kibanio cha shingo ya gitaa, kapo, kitakusaidia kwa baadhi ya nyimbo, lakini nyingine itabidi uzijue kwa funguo mbili. Hakuna mazoezi yatakayokukomaza vidole kama hayo. Na nyimbo zile mbili zenu msimkabidhi bila kumwambia mwenye maneno. Aambiwe, aombwe, na ikiwezekana amfundishe yeye mwenyewe.

Tuje kwenye hela. "Wewe hukuwepo" lilikuwa jibu baya, na wewe ulikuwepo likitolewa ukakaa kimya. Siku ile mlipiga zile nyimbo mbili? Kama mlizipiga, kuna kitu chake kilichofanya kazi ukumbini, na alistahili hata kidogo. Sisemi apate sawa na aliyebeba spika. Huyu mwenzenu anaujua mgawo kuliko ninyi nyote. Kwenye uvuvi gharama zinatolewa kwanza, mafuta na chakula, ndipo tajiri wa mtumbwi na wavuvi wanagawana kinachobaki, na kila mtu anajua utaratibu kabla mtumbwi haujasukumwa majini. Fanyeni hivyohivyo. Kwenye ile laki mbili na nusu, baada ya gharama zilibaki 135,000. Mkigawa kwa sita, kila fungu ni 22,500: mafungu matano ya wanabendi na la sita la mfuko wa bendi. Asiyekuwepo, fungu lake achukue aliyeshika nafasi yake. Lakini wimbo wake ukipigwa, mtunzi apewe kiasi mtakachokubaliana kutoka kwenye mfuko. Kiwe kidogo, elfu tatu, elfu tano, mradi kijulikane kabla ya shoo na siyo baada ya hela kuonekana.

Mfuko huo ndio utakaowanunulia vyombo. Polepole, ndiyo. Mimi ningeanza na maiki nzuri moja na waya wake, kisha amplifaya ya besi. Dramu na spika kubwa endeleeni kukodi. Hapa kwetu unyevu wa ziwa unaozesha nyuzi upesi, kwa hiyo kila baada ya kupiga zifuteni kwa kitambaa kikavu, nayo ni akiba. Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 kati yake ni ya vijana. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kata yenu inazo taratibu. Nimeitaja ili mjue ipo. Kwa sasa sitaki mkope, kwa sababu bendi yenyewe haijakubaliana nani atalipa.

Sasa huyo tajiri. Hapa nakuomba unisikilize sana, baba, kwa sababu hili linaniuma. Kaka yangu alipiga besi miaka mingi kwenye bendi ya mtu hapa kanda ya ziwa. Siku walipogombana na mwenye vyombo, kaka alitoka na shati lake tu. Gitaa alilolipiga usiku na mchana lilibaki, jina lilibaki, na nyimbo alizotunga ziliendelea kupigwa na watu wengine huku yeye amekaa nyumbani.

Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Katika dansi la nchi hii ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi nayo ikabadilishwa jina, ikaitwa JUWATA, baadaye OTTU, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Lakini chama kile kiliwaajiri wanamuziki, walikuwa na mshahara. Tajiri wenu anaahidi sehemu ya kiingilio, na sijaona umeandika ni sehemu gani. Ukumbi ukikosa watu kwa sababu ya mvua, mtarudi na nini? Anachukua jina, anachukua nyimbo, anachagua hadi mwimbaji. Hivyo vyombo vinawagharimu mno.

Tena hizo nyimbo mbili huwezi kumpa hata ukitaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi tangu kazi inapotungwa. Maneno ni ya mwenzio na muziki ni wako, kwa hiyo ni mali yenu wawili, na ulinzi wake unadumu maisha yenu yote na miaka 50 baada ya wa mwisho wenu kufariki. Nyimbo hizo zitawahusu wajukuu wenu. Ukizisaini bila ridhaa yake umetoa kisicho chako. Kwa hiyo, kabla ya kikao chochote na tajiri, rekodini nyimbo hizo hata kwa simu mahali penye utulivu, andikeni maneno kwenye karatasi na majina yenu wote wawili, mkazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Haki haianzi na usajili, lakini siku ya ubishi usajili ni ushahidi. Bendi yenyewe isajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mkianzia kwa Afisa Utamaduni. Kirumba na Kitangiri ni Ilemela, kwa hiyo ofisi yenu ni ya Manispaa, msiende kupoteza siku Jiji. Jina lenu pia msajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla mtu mwingine hajalipenda.

Baada ya hapo nendeni kwa tajiri kwa heshima. Yeye ni mfanyabiashara na hana kosa la kujaribu. Mwambieni mko tayari kupiga ukumbini kwake, kwa jina lenu, kwa malipo ya kila shoo. Vyombo awakodishie. Kila Ijumaa na Jumapili ni nyingi mno kwa bendi yenye nyimbo chache za kwake, watu watawachoka mapema. Ombeni kwa kuanzia wikiendi zinazoangukia mbalamwezi, ambapo sauti zote mbili zipo. Yote yaandikwe. Akisema mwisho wa mwezi ndiyo mwisho, na mwenzenu hajarudi bado, mwombeni siku chache. Anayetaka bendi ya miaka hashindwi kuwasubiri siku kumi. Akikataa hata hizo, mmeshajua mapema mtaishi naye vipi.

Wenzako hawatafurahi kusikia haya. Watasema umemchagua rafiki ukawanyima vyombo. Waonyeshe hesabu ya mafungu na kalenda, waache waulize maswali, na huyo binti naye awe kwenye kikao kama mwenzenu. Mpiga besi mpe nafasi ya kusema alichokisikia moyoni siku ya sendofu ya dada yake. Ile ilikuwa shughuli ya familia, na ninadhani kumkosa rafiki siku ile kumemuuma zaidi ya kukosa mwimbaji.

Lakini kabla ya kikao cha wote, kaa na mwenzio, wawili tu. Usimweleze kwa simu wala kwa ujumbe. Akishuka mbalamwezi ijayo mfuate, na uanze na ile siku ya hela. Mwambie ulisikia alivyojibiwa na hukusema neno, kisha umwekee mkononi kilicho chake kwa zile nyimbo. Mwulize anataka nini. Usimjibie. Inawezekana anataka kubaki na hajui aanzie wapi baada ya kuambiwa hakuwepo. Inawezekana pia ameshachoka na bendi, anakuja mazoezini kwa sababu yako tu, na anaogopa kukuambia kama wewe unavyoogopa kumwambia.

Akitaka kutoka, mruhusu atoke vizuri. Mwimbaji Muhidin Gurumo alikuwa NUTA, mwaka 1978 akaondoka akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, na miaka baadaye akarudi Msondo akapokelewa, akaimba hadi uzeeni. Mtu akitoka kwa wema, mlango wa kurudi unabaki wazi. Mkubaliane nyimbo mbili zitaendelea kupigwa kwa masharti gani, mwandike, kila mmoja abaki na nakala. Akitaka kubaki, mpe ile kalenda, azungushie mwenyewe siku atakazokuwepo, na jioni hiyohiyo nendeni wote wawili Kitangiri mkawaambie wenzenu.

Shangazi